Tofali Lililokandwa

Mume wangu alipopanda lori kwenda Tunduma aliniachia mimba, kompyuta na mdogo wake. Mimba ikawa mtoto wa kike. Kompyuta ikafa kabla kitovu cha mtoto hakijadondoka. Mdogo wake hakufa wala hakubadilika, alibaki vilevile, kila jioni anatokeza mlangoni kuuliza kama ile mashine imekufa kwelikweli au imezimia tu.

Tulikuwa tumepanga vyumba viwili Manzese, ndani kidogo ukitoka Barabara ya Morogoro. Chumba cha mbele, sebule yetu, ndicho kilikuwa ofisi yangu. Mlangoni nilikuwa nimeandika kwa chokaa TUNACHAPA, ingawa tuliokuwa tunachapa ni mie peke yangu. Ilikuwa miaka ile ya tisini, mashirika yanafungwa, miradi inafungwa, watu wanapunguzwa kazini, na kila aliyepunguzwa anahitaji barua ya kuomba kazi nyingine. Hao ndio walikuwa wateja wangu. Hao na wenye kadi za harusi, kwa sababu watu hawakuacha kuoana.

Kompyuta ilitoka kwenye mradi mmoja uliofungwa. Lori la mume wangu ndilo lilihamisha samani zao, na walipofika mwisho wa kazi wakamwambia hii nayo chukua, ni ya zamani. Ilikuwa ya zamani kweli. Ofisi za mjini tayari walikuwa na zile zenye sanduku kubwa, yangu ilikuwa kibodi nene tu yenye kila kitu tumboni, skrini ya herufi za kijani pembeni, na printa iliyokuwa inalia kama mtu anayechana kanga. Lakini mie nilisoma hadi kidato cha nne na baada ya hapo nikapita uhazili, vidole vyangu vinajua kazi. Katika muda mfupi nilikuwa nanunua sabuni yangu mwenyewe bila kumwambia mtu yeyote kwamba sabuni imeisha. Aliyewahi kuomba sabuni kwa shemeji ataelewa ninachosema.

Kilichoiua ni mgao. Umeme kukatika si shida, shida ni kurudi. Siku ile ulirudi na hasira, taa ya sebuleni ikang'aa nyeupe, ikapasuka, na chini ya meza kukatokea harufu ya kitu kama mpira unaoungua. Skrini haikudhurika, ilikuwa na waya wake mwenyewe. Kibodi ndiyo ilinyamaza, taa yake nyekundu haikuwaka tena.

Kati ya ukuta na kibodi palikuwa na kidude kizito cheusi, ukubwa wa tofali la kuchoma, kinachoupunguza umeme wa ukutani ili mashine iumeze. Mafundi wanakiita pawa saplai. Sie tulikiita tofali. Hilo tofali halikuwa na skrubu hata moja. Lilikuwa limezibwa kwa gundi pande zote, na chini yake karatasi ya rangi ya fedha imeandikwa Kiingereza.

Na mie wakati huo nilikuwa ndani ya arobaini.

Kwa asiyejua mila zetu za pwani: ukishajifungua unakaa ndani mpaka arobaini itimie. Hutoki. Unafungwa mkaja tumboni mpaka pumzi inapanda kwa ngazi, unanyweshwa uji wa pilipili manga, unakandwa kwa maji ya moto asubuhi na jioni. Shangazi yangu alitoka Temeke na kikapu chake kuja kunilea. Ni mwanamke mwenye mikono mipana, na akikukanda unajiona kama nguo chafu. Anachovya taulo kwenye sufuria, analikamua haraka haraka kabla halijamuunguza, anakubandika mgongoni. Ukipiga kelele anakwambia, "Lia tu mwanangu, ndiyo damu inatoka hiyo."

Nilikuwa nimechoka. Nasema nimechoka kwa maana ya mtu ambaye akifumba macho anaona mtoto analia na akifumbua anamsikia. Matiti yameuma, mgongo umeuma, na kila aliyekuja kumtazama mtoto alinipa shauri. Katika hali hiyo ndipo shemeji akaja na habari yake.

Alikuwa anafungua banda la video. Manzese nzima ilikuwa imeingiwa na wazimu wa video, ukipata deki, skrini na mabenchi mawili umekuwa tajiri. Deki alikuwa nayo. Skrini alikuwa ameiona kwangu.

Akasimama nje ya pazia la chumba changu, maana kuingia haruhusiwi, akasema, "Shem, ile mashine si ndiyo basi tena? Mie naona skrini inakaa bure. Niichukue ikafanye kazi."

"Ni ya kijani hiyo," nikamwambia. "Watu wako watatazama wapiganaji wa kijani?"

"Watazoea."

"Na mie nitachapia nini?"

"Utachapia nini na mashine imekufa, shem? Sikiliza, braza mwenyewe alisema nisimamie vitu vyake."

Hicho kisu. Vitu vyake. Nilitaka kutoka nje ya lile pazia na mkaja wangu nimzabe kibao. Shangazi ndiye aliyejibu, bila kuacha kumpangusa mtoto. "We kijana, umesema shikamoo humu ndani?"

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Sasa nisikilize. Mashine ikifa kabisa, chukua. Ikipona, mguu wako usije tena kuiulizia. Tumekubaliana?"

Akakubali haraka mno, nikajua amekwishaona skrini ndani ya banda lake. "Ijumaa nakuja na mkokoteni," akasema.

Nilimgeukia shangazi nimewaka. "Umempa mashine yangu!"

"Nimekupa mpaka Ijumaa," akasema. "Ungeendelea kubishana naye angeichukua leo."

Nikatuma mtoto wa mpangaji mwenzetu akamwite fundi wa redio wa nyuma ya msikiti. Kijana mmoja mwenye maneno mengi, kibanda chake kimejaa matumbo ya redio, anajisifu kwamba hakuna kitu cha umeme Dar es Salaam kilichomshinda, isipokuwa vile ambavyo wenyewe walivichukua kabla hajamaliza. Shangazi akakataa asiingie chumbani, na akakataa nami nisitoke. Basi fundi akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa uchochoroni, chini ya dirisha langu, na tofali tukawa tunapitishiana katikati ya nondo.

Akachomeka mita yake kwenye ncha ya waya. "Njia moja inatoa umeme, sista. Nyingine kimya. Ugonjwa uko upande mmoja tu." Kisha akaligeuza. "Haya maandishi yanasemaje?"

Nikamsomea. Yalisema ndani hamna kitu chochote ambacho mtumiaji anaweza kukitengeneza, asifungue.

"Mtumiaji nani?"

"Mie."

"Ahaa. Basi mie hawajanikataza."

Akajaribu kisu, kikateleza. Akajaribu bisibisi, ikatoboa kona na mstari wa gundi haukutikisika. Akaomba nyundo, nikamwambia nyundo akapigie mawe kwenye machimbo ya Kunduchi. Nilikuwa nimekasirika na tofali lenyewe sasa, na mtu aliyekaa mahali fulani, tumbo limeshiba, akaamua kwamba kitu hiki kikifa kife kizima, kisifunguliwe na mtu, mwenye nacho akanunue kingine. Anunue wapi? Nani amemwambia kwamba kila mtu ana duka la pili la kwenda?

"Gundi hii inataka moto wa pole pole," fundi akasema. "Jiko la mkaa litayeyusha na ganda. Ingekuwa kitambaa cha maji ya moto, unabandika, unatoa, unabandika, italegea."

Nikageuka. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni na sufuria yake inafuka moshi.

"Msinitazame hivyo," akasema.

"Shangazi, mara moja tu."

"Haya maji ni ya mzazi."

"Na hiyo mashine ndiyo inayomlisha mzazi."

Akanung'unika, akaweka sufuria chini. Tukalifunga tofali kwenye nailoni ya mkate lisinywe maji, na waya wake tukauviringisha kando. Kisha shangazi akakaa kitako, akanyoosha miguu, akaliweka juu ya mapaja kama anavyomweka mtoto, akaanza kulikanda. Taulo linaingia, linakamuliwa, linabandikwa ubavuni mwa tofali. Alilikanda kwa bidii ileile. Nadhani hata alilisomea, midomo yake ilikuwa inacheza. Mie nimelala ubavu, mtoto yupo kwenye titi, natazama mganga wangu anavyonihama.

"Lie na lenyewe," nikasema.

"Nyamaza we. Lina mgongo mgumu kuliko wako."

Ikapita kitambo. Nje fundi alikuwa anapiga mluzi. Kisha akainuka, akaweka uso kwenye nondo, akauliza kwa sauti:

"Shangazi! Lina moto?"

Sasa, fundi alikuwa anauliza kama limeshapata joto. Lakini shangazi yangu amekaa mjini muda mrefu, na jambo moja alilofundishwa kuhusu umeme ni kwamba kitu chenye umeme ndani huambiwa kina moto, usikiguse utakufa. Nyumbani kwake Temeke kuna waya mmoja ukutani anaowakatazia watoto hivyohivyo, una moto huo. Akaangalia tofali lililo mapajani mwake, limelowa, na mikono yake imelowa, na mwanamume wa umeme anamwuliza kama lina moto.

Alipiga ukelele uliowaamsha wapangaji wote. Tofali likaruka. Lilipita juu ya kichwa changu, nikamfunika mtoto kwa kifua, likagonga ukuta, likaanguka kwenye sakafu ya saruji kwa kona.

"Mmeniua! Mmenichomekea umeme!"

"Halijachomekwa popote, shangazi!"

"Amesema lina moto!"

"Joto! Naulizia joto!" fundi anapiga kelele dirishani. "Hilo lina moto gani, waya wenyewe umeuviringisha hapo?"

"Si ungesema joto, mwana kulaaniwa! Umetupa Kiswahili chako wapi?"

Mtoto analia, shangazi anapangusa mikono kwenye kanga, mie nacheka na kucheka kunaniuma tumboni chini ya mkaja, machozi yananitoka na sijui ni ya nini. Nilipoweza kuinama nikaokota lile tofali. Nailoni ilikuwa imechanika. Na pale lilipoangukia kona, mstari wa gundi, ule uliokataa kisu na bisibisi, ulikuwa umefunguka, nyembamba, ukucha unaingia.

Fundi akauona. Akanyoosha mkono katikati ya nondo. "Nipe. Nipe haraka kabla halijapoa."

Ndani hakukuwa na matumbo kama ya redio. Lilikuwa limemiminiwa kitu cheusi kikafurika mpaka juu, kikagandamana kama halua ya siku nyingi. Halua hiyo ilimla fundi siku mbili. Shangazi hakuligusa tena, ila alikuwa anaacha sufuria na taulo karibu yangu, na mie ndiye niliyekuwa nalainisha kile cheusi kwa joto, nampitishia, fundi anachokonoa kwa bisibisi kipande kwa kipande, akianzia upande ule uliokuwa kimya kwenye mita. Kinapoa, ananirudishia. Mikono yangu ilinuka lami. Nikinyonyesha nilikuwa naiosha kwa sabuni yangu mwenyewe, na sabuni hiyo ilikuwa inakaribia kuisha.

Alhamisi mchana fundi akaacha kupiga mluzi. "Sista. Njoo uone mchawi wako."

Ilikuwa fyuzi. Kibomba cha kioo kisichozidi kucha ya kidole gumba, uzi wake ndani umekatika. Basi. Kila kitu kingine kizima. Kitu ambacho kwenye redio yoyote unakichomoa kwa vidole, wao wamekichomea kwa risasi ya lehemu kisha wakakizika.

Sikumbuki kama nimewahi kukasirika hivyo tena. Siku zote zile, wateja wangu wanakwenda kuchapa Magomeni, shemeji anasafisha mkokoteni, kwa ajili ya fyuzi.

Fundi akatoa karatasi ya fedha kwenye pakiti yake ya sigara, akaanza kuizungushia ile fyuzi iliyokufa. Kila mtu alikuwa anafanya hivyo. Umeme unapita vizuri.

"Toa hiyo takataka," nikamwambia.

"Sista, kesho Ijumaa."

"Umeme ukirudi na hasira tena, hiyo karatasi yako itaupitisha wote. Safari hii itaungua kibodi, na kibodi hatutaikanda. Nitafutie fyuzi."

"Unanifundisha kazi?"

"Nakufundisha kulea. Nenda."

Akaenda amenuna. Akarudi na moja aliyoitoa kwenye redio iliyokufa kibandani kwake. Hakuirudisha mle ndani. Alivuta nyaya mbili mpaka nje ya ganda, akaitundika pale, mtu yeyote aione na aibadilishe. Ganda lenyewe halikufungika tena, tukaliweka ndani ya kopo la biskuti lililotobolewa matundu. Nikamkataza kuligusisha na kibodi kabla ya mita. Akapima njia zote mbili, mie namsomea namba za kwenye ile karatasi ya Kiingereza, zikalingana. "Umeridhika, mwalimu?" Nikasema nitaridhika nikiona herufi.

Ijumaa baada ya swala shemeji alikuja, na mkokoteni, na mwenye mkokoteni, na kamba. Fundi alikuwa sebuleni tayari ameunganisha kila kitu. Shangazi alinitazama, akanikaza mkaja. "Pita," akasema. "Sebuleni si nje." Nikapita na mtoto begani mpaka kwenye meza yangu.

Fundi akabonyeza. Taa nyekundu ikawaka. Skrini ikaanza kupata moto, ile kijani inakuja kwa mbali. Na pale pale, kabla hata herufi moja haijatokea, umeme ukakatika.

Nyumba nzima ikanyamaza. Redio za majirani zote zikanyamaza. Shemeji akaitazama skrini nyeusi.

"Si nimesema imekufa?"

"Mtaa mzima umekufa, au huna masikio?" nikamwambia.

"Mie nimeona haijawaka. Watu wangu nimewatangazia ni leo."

"Iliwaka!" fundi akaruka. "Taa uliiona!"

"Taa hata kimulimuli anayo."

Akashika skrini. Nikamwekea mtoto mikononi. Sikupanga, ndicho kitu pekee nilichokuwa nimeshika. Mtu aliyebebeshwa kichanga hawezi kubeba kitu kingine, na hawezi kukiweka popote. Akabaki kasimama, viwiko vimekakamaa, anapuliza uso wa mtoto kama uji wa moto.

"Kaa," shangazi akamwambia. "Tunasubiri umeme."

Nikainama nikachomoa waya ukutani.

"Sasa unachomoa nini?"

"Umeme ukirudi utanikuta nimejiandaa. Mwanzo haukunikuta hivyo."

Tukasubiri. Mwenye mkokoteni alijilaza kwenye chombo chake akasinzia. Jua lilizunguka mpaka likaingia mlangoni. Mtoto alimkojolea shemeji, naye akabadilisha mkono tu. Alinieleza habari za banda lake, kwa sauti ndogo, kwamba deki aliikopa na mabenchi yamevunjika. Sikumwonea huruma. Nilimsikiliza kwa sababu nilikuwa nimechoka kumkatiza.

Watoto wa mtaani ndio waliotangulia kujua. "Umerudiii!" Kelele zikatoka Tandale zikatufikia zikaendelea. Taa ikang'aa kupita kiasi, ikatulia, ikang'aa tena. Fundi akanyoosha mkono kwenye waya, nikampiga kofi mkononi. Nikangoja mpaka taa iwe taa. Kisha nikachomeka mwenyewe.

Taa nyekundu. Kijani kwa mbali. Halafu ile alama ndogo, inayopepesa pembeni ya skrini kumwambia mtu kwamba aandike. Nikaandika kitu cha kwanza kilichonijia, SABUNI, nikaituma kwenye printa, ikalia, ikatoa karatasi. Nikampa shangazi. Hajui kusoma Kiingereza, ila Kiswahili anakisoma. Akasoma silabi kwa silabi, akamwonyesha shemeji.

"Imepona," akasema. "Tulikubaliana nini?"

Shemeji akamrudisha mtoto kwangu. Alisimama kidogo na shati lake lililolowa. "Basi nichapie tangazo, shem," akasema. "La banda. Nitakuja nalo nikipata skrini."

"Utapanga foleni kama wengine."

Akamwamsha mwenye mkokoteni wakaondoka na mkokoteni mtupu, magurudumu yanagonga mashimo mpaka yakapotea. Fundi akaomba maji ya kunywa.

Nikataka kukaa nichape. Kulikuwa na barua za watu zinangoja tangu kabla sijajifungua. Lakini maziwa yalikuwa yamelowesha kanga mpaka kiunoni, na kwenye kopo la biskuti tofali lilikuwa linanguruma kwa joto. Shangazi alitoka jikoni na sufuria na taulo, akalitazama lile kopo kwa jicho la upande, akapita mbali nalo.

"Hilo limeshapata haki yako ya kutosha," akaniambia. "Ingia ndani ulale kifudifudi."